Karatasi nne zisizo na saini: uchambuzi wa kisa kimoja cha mchezo ulioratibiwa

Kisa hiki kilitokea kwenye klabu ndogo ya michezo ya kuigiza wahusika mezani, iliyokuwa ikikutana dukani, katika mji wa wastani katikati ya Marekani, mwanzoni mwa muongo wa 2010. Mratibu wa klabu nilikuwa mimi. Nimeondoa jina la mji, la duka, la tamasha na majina ya watu wote. Dada aliyeumia zaidi nitamwita Dada M. Amesoma ninachokiandika hapa, na sehemu mbili nimezirekebisha kwa sababu yeye alizikumbuka vizuri kuliko mimi.

Nakiandika kwa ajili ya wenzangu wanaoanzisha au kusimamia meza za namna hii, popote walipo. Kosa lenyewe ni dogo, ni la kila siku, na linafanywa na watu wema.

## Usuli

Kwa asiyeujua mchezo: watu wanne hadi sita wanakaa mezani, kila mmoja na mhusika wake aliyemwandika kwenye karatasi, nguvu zake, silaha zake, anachokijua na asichokijua. Mmoja zaidi ni mwongozaji. Huyo ndiye anayesimulia ulimwengu, anaigiza maadui na wenyeji, na kutafsiri dadu imeamua nini. Mchezo wa kwanza wa aina hii kuchapishwa na kuuzwa, Dungeons & Dragons (D&D), ulitoka mwaka 1974. Watu wakicheza nyumbani, kundi ni lile lile na mwongozaji ni yule yule kwa miaka, na hesabu zote zinakaa vichwani mwa watu wanaojuana. Ukisema upanga huu niliupata kwenye lile pango, hakuna wa kukuuliza. Wote walikuwepo.

Mchezo ulioratibiwa una desturi nyingine. Mhusika ni wako na unasafiri naye. Leo unacheza dukani kwenu, mwezi ujao uko mji wa mbali umekaa na watu usiowajua hata majina, na mhusika wako anafika pale na ngazi yake, dhahabu yake na makovu yake. Wazo hili ni la siku nyingi. Kampuni ya TSR, iliyokuwa ikichapisha D&D, ilianzisha chama cha wachezaji, RPGA, mwaka 1980. Mwaka 1987 ikaja Living City, mji mmoja wa kubuni ambamo wachezaji wa sehemu mbalimbali waliwaleta wahusika wao wakaishi pamoja. Mwaka 2000 ikaanza Living Greyhawk, na hiyo naipenda mpaka leo kwa jinsi ilivyopangwa: ramani ya ulimwengu wa hadithi iligawanywa kwa majimbo na nchi za kweli, kiasi kwamba ukivuka mpaka wa jimbo kwenda kucheza, mhusika wako naye anakuwa ameingia nchi ya ugenini. Ilifungwa mwaka 2008, na mwaka huo huo kampuni ya Paizo ikaanzisha Pathfinder Society, ambayo ndiyo tuliyokuwa tukiicheza sisi. Adventurers League ya D&D ilikuja baadaye, mwaka 2014.

Klabu yetu ilikuwa na watu kumi na wanne hivi waliokuwa wakija mara kwa mara, kila Alhamisi jioni, chumba cha nyuma cha duka. Waongozaji tulikuwa wawili. Dada M alikuwa Mtanzania kama mimi, na pale dukani sisi wawili tu ndio tuliokuwa tunazungumza Kiswahili. Alikuwa akifanya kazi ya zamu ya usiku kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Mhusika wake alikuwa askari wa kike mwenye ngao, mkimya, anayesimama mlangoni wenzake wakikimbia. Kila mtu pale alimpenda yule askari.

## Karatasi inafanya kazi gani

Hapa naomba msomaji anivumilie kidogo, maana kisa chote kimekaa kwenye karatasi hii.

Mkasa mmoja wa Pathfinder Society uliandikwa uchezwe kwa saa nne au tano, uanze na kumalizika siku hiyo hiyo. Ukimalizika, kila mchezaji anapewa ukurasa mmoja wa kumbukumbu. Juu kuna jina la mkasa, jina la mhusika, namba ya mchezaji. Pembeni kuna visanduku vinavyojazwa kutoka juu kwenda chini: alama za uzoefu alizoanza nazo, alizopata leo, jumla, alama za heshima vivyo hivyo, kisha dhahabu, aliyoanza nayo, aliyopata, aliyotumia, iliyobaki. Mwongozaji anaweka herufi za mwanzo za jina lake kwenye visanduku vile, na chini kabisa anaandika tarehe, namba yake, na saini.

Kwa kanuni za wakati ule, mkasa mmoja ulikupa alama moja ya uzoefu, na alama tatu zilikupandisha ngazi. Heshima ulipata zisizozidi mbili. Karibu kila mchezaji alitumia mbili za kwanza kununua fimbo ya kuponya majeraha, kwa sababu kwa alama mbili ungepewa kitu chochote cha hadi dhahabu 750, na fimbo ile ilikuwa bei hiyo hiyo kamili. Baada ya hapo unaweka akiba. Akiba ni ya siku mhusika wako akifa: kumfufua kulikuwa dhahabu 5,450, au alama 16 za heshima. Kwa mtu wa ngazi za chini, anayepata dhahabu mia nne au mia tano na kitu kwa mkasa, 5,450 ni ndoto. Alama 16 zinafikika ukiwa na subira. Ni mikasa minane ukifanikiwa kila mara, na kila mara haiwezekani.

Kwa hiyo ukurasa ule ni daftari. Aliyewahi kukaa kwenye kikoba anaelewa haraka. Wenyewe wanajua nani kaweka nini, wanaonana kila wiki, na mweka hazina ni jirani. Daftari linaonekana kama usumbufu mpaka siku anapokuja mtu wa nje anayetaka kuona hesabu. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi mali yetu ilikuwa ya kubuni, lakini saa walizokaa watu mezani kuichuma zilikuwa saa za kweli za maisha yao.

## Alhamisi zetu

Duka lilifungwa saa nne usiku. Sisi tulianza saa kumi na mbili jioni, watu wakitoka kazini. Hesabu yake ni rahisi: saa nne za kucheza mkasa ulioandikwa kwa saa nne au tano, na hapo hakuna aliyechelewa kwa foleni.

Kanuni ilitaka meza isizidi watu sita, saba kwa dharura. Sisi tulikuwa tunakaa wanane, mara nyingine tisa, kwa sababu mwongozaji mmoja alikuwa na dharura ya mtoto, au kwa sababu amekuja mgeni na hatukuwa na moyo wa kumrudisha. Niliona fahari meza ikijaa. Sikutaka mtu aliyetoka nyumbani kwake na dadu mfukoni arudi bila kucheza.

Meza ya watu tisa inakwenda polepole sana. Pambano ambalo watu sita wangelimaliza kwa dakika arobaini linachukua saa nzima na zaidi, maana kila zamu ikizunguka unasubiri wanane wengine. Tulikuwa tunamuua adui wa mwisho saa nne kasoro dakika kumi, mwenye duka amesimama mlangoni na funguo. Kujaza ukurasa mmoja vizuri, kwa hesabu na saini, kunachukua dakika tatu. Watu tisa ni dakika ishirini na saba. Hatukuwa nazo.

Hapo ndipo nilipoanza kusema neno ambalo leo nalijutia: "Jazeni nyumbani, wiki ijayo nitasaini." Nilikuwa nawapa kurasa tupu na kuwatajia kwa mdomo dhahabu waliyopata. Wiki ijayo ilikuwa na haraka zake.

Aliyeathirika zaidi ni Dada M, kwa sababu zamu yake ilianza saa tano usiku na ilibidi aondoke saa tatu na nusu. Mara nyingi aliondoka pambano la mwisho likiendelea, askari wake akichezwa na mwenzake. Nilimtumia ujumbe kesho yake: umepata kiasi hiki, jaza. Akajaza, kwa mwandiko safi na wino ule ule wa bluu, akaweka kwenye faili lake. Kati ya kurasa kumi alizokuwa nazo kufikia siku ya tamasha, nne hazikuwa na saini ya mtu yeyote. Mimi sikujua idadi hiyo. Sikuwa nimewahi kuuliza.

## Jumamosi ya tamasha

Tamasha la michezo hii lilikuwa mji mwingine, mwendo wa saa tatu kwa gari. Tulikwenda watu watano kwenye magari mawili. Kwa Dada M lilikuwa la kwanza, na alikuwa amebadilishana zamu na mwenzake ili apate siku mbili. Njiani alinionyesha ngao aliyoichora kwenye jalada la faili lake.

Alipangiwa meza ya watu sita, wengine wote wageni kwake. Mimi nilikuwa naongoza meza nyingine ng'ambo ya ukumbi, kwa hiyo yanayofuata nimeyapata kwake na kwa wawili waliokuwa wameketi naye.

Askari wake alikuwa ngazi ya nne. Kwenye pambano la mwisho alisimama mlangoni kama kawaida yake ili wenzake wamtoe majeruhi. Alikuwa amebakiwa na uhai 19. Adui alikuwa na shoka kubwa. Mwongozaji akarusha dadu ya pande ishirini mbele ya wote, ikasimama kwenye 20. Akarusha tena kuthibitisha, ikathibitika. Shoka la namna ile pigo lake likithibitika linazidishwa mara tatu. Jumla ilikuwa 38. Askari akafia pale pale mlangoni, lakini majeruhi alikuwa ameshatoka. Wale wageni walimpigia makofi. Dada M aliniambia hiyo ndiyo dakika aliyoipenda kuliko zote tangu aanze kucheza.

Hakuwa na wasiwasi. Alikuwa na hesabu yake: heshima 19, ikiwamo moja ya siku ile, amewahi kutumia mbili, zimebaki 17. Kufufuliwa ni 16. Akampa mwongozaji faili ili amwandikie.

Mwongozaji akapekua ukurasa mmoja mmoja. Alipofika wa nne akasimama. Akarudi nyuma, akaenda mbele, akazitoa zile nne akazipanga pembeni. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuamua, kwamba hizi hawezi kuzihesabu. Kurasa nne zile zilikuwa na heshima saba. Ukizitoa, inabaki kumi. Na zaidi ya hapo, akasema, kwa kurasa sita zenye saini huyu mhusika ni wa ngazi ya tatu, na leo amecheza kama wa nne. Meza ya jirani wakageuka kutazama.

Wachezaji wawili, watu asiowajua, walijitolea kuchangia. Kanuni iliruhusu kuchangia dhahabu kumfufua mwenzio, ila si heshima. Wakakusanya walichokuwa nacho, hakikukaribia 5,450. Dada M alirudisha kurasa zake kwenye faili moja moja, akawashukuru, akatoka.

Nilimkuta korido, ameegemea ukuta. Akaniuliza, "Kaka, mimi nimeiba nini?"

Sikuwa na jibu zaidi ya kumwambia kwamba hajaiba kitu, na kwamba kosa ni langu. Alijibu kwamba hilo nilipaswa kumwambia yule aliyeko ndani, si yeye. Nilikwenda. Mwongozaji alinisikiliza, akaniambia anaamini, lakini hawezi kusaini kwa imani yangu. Mratibu wa kanda, ambao kwenye programu ile huitwa Venture-Captain, alikuwepo tamashani. Aliamua jambo la busara: ukurasa wa siku ile usifungwe, tupewe wiki mbili tulete ushahidi.

## Maamuzi

Uamuzi wa kwanza niliufanya nikiwa na hasira, na ulikuwa mbaya. Nilitangaza kwamba Alhamisi inayofuata kila mtu aje na faili lake lote likaguliwe. Niliamini naonyesha uzito. Nilichoonyesha ni kwamba namshuku kila mtu kwa jambo nililolisababisha mwenyewe. Kati ya watu kumi na wanne walikuja tisa. Mzee mmoja aliyekuwa akicheza michezo hii tangu kabla sijaijua aliweka faili lake mezani, limekamilika mpaka nukta ya mwisho, akasubiri nilimalize, akalichukua na kuondoka. Hakurudi tena. Nilimwandikia mara mbili.

Katika mafaili tisa, saba yalikuwa na angalau ukurasa mmoja usio na saini. Nikasimama nikawaambia waziwazi kilichotokea tamashani, bila kutaja nani, na kwamba chanzo ni mimi na utaratibu wangu. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza kuitaja habari ile mbele yao, na ilipaswa kuwa ya kwanza kabisa kabla ya neno ukaguzi.

Uamuzi wa pili ulikuwa kuzitafuta zile saini nne kwa njia ya haki. Kila kikao mwongozaji alipaswa kukiripoti pia mtandaoni: mkasa gani, tarehe, namba za wachezaji, namba za wahusika, heshima waliyopata. Ripoti hizo nilikuwa nazifanya, kwa kuchelewa lakini nazifanya. Zikathibitisha vikao vitatu kati ya vinne. Viwili nilikuwa nimeviongoza mimi, nikasaini. Cha tatu aliongoza mwenzetu aliyekwisha kuhamia jimbo jingine. Alijibu barua pepe siku hiyo hiyo na saini yake ikaja kwa posta.

Cha nne kiliongozwa na kijana wa chuo aliyekuja mara moja tu kutusaidia. Hakuripoti, na namba yake ya simu haikupatikana tena. Mimi mwenyewe nilikuwa nimecheza kwenye meza ile. Nilifungua faili langu nikiwa na hakika kwamba ukurasa wangu wa usiku ule utakuwa ushahidi. Nao haukuwa na saini.

Ukurasa ule wa nne ulikuwa na heshima mbili. Bila huo, Dada M alikuwa na kumi na saba alizochuma, kutoa mbili za fimbo, kumi na tano. Amepungukiwa na moja.

Ningeweza kusaini. Hakuna ambaye angeuliza, na nilijua kwa macho yangu kwamba alikuwepo na alicheza. Nilikaa na kalamu ile usiku mzima, nasema kweli. Sikusaini, kwa sababu saini inasema mimi ndiye niliyeongoza, na hiyo ingekuwa uongo. Na ningemfanya mtu aliyetuhumiwa kwa karatasi ya uongo, ambayo hakuwa nayo, awe nayo sasa. Nilimpigia nikamweleza yote, na nikamwambia uamuzi wa mwisho ni wake: tunaweza kumwomba mratibu wa kanda aamue kwa huruma. Alinyamaza kidogo, akasema, "Mwache alale, kaka. Alikufa vizuri." Ukurasa wangu wa usiku ule nikautoa kwenye hesabu zangu pia.

Uamuzi wa tatu ulihusu wengine wote. Ukurasa wowote wa kabla ya siku ile, ukipatana na ripoti ya mtandaoni, aliyeongoza atausaini bila swali. Usiopatana, mwenyewe achague kuuondoa au abaki na mhusika huyo kwa michezo ya nyumbani.

Uamuzi wa nne ulikuwa wa saa na viti. Saa tatu na robo usiku dadu zinawekwa chini, tumemaliza au hatujamaliza; ikibidi mwongozaji anafupisha pambano la katikati mapema. Meza ni watu sita. Wa saba tunamkubali kwa dharura tu. Wa nane anapewa kiti cha meza ya pili, na kama meza ya pili haina mwongozaji, anaandikwa wa kwanza kwa wiki ijayo.

## Matokeo

Wiki tatu za mwanzo tuliwarudisha watu nyumbani, na iliniuma. Mgeni mmoja hakuja tena. Pamoja na yule mzee, na baba mmoja kijana aliyeniambia wazi kwamba ukaguzi ulimtia aibu mbele ya mwanawe, tulipoteza watu watatu.

Baada ya miezi sita waongozaji walikuwa watano. Kilichosaidia ni mikasa michache ya ngazi ya kwanza ambayo kanuni iliruhusu kuirudia. Mikasa ya kawaida mchezaji anaipata mara moja tu kwa hesabu, lakini ile mwongozaji mgeni anaweza kuongoza leo, kukosea, na kuongoza tena mwezi ujao akiwa ameizoea. Na mwongozaji naye anapata ukurasa kwa mhusika wake, jambo ambalo wengi wa kwetu hawakulijua kwa sababu sikuwa nimewaambia.

Dada M alikaa wiki kumi na moja bila kuja. Alirudi na mhusika mpya, mganga. Baadaye akaanza kuongoza Jumamosi mchana, muda unaokubaliana na zamu zake. Tamashani hajakwenda tena. Nimemwomba mara mbili, na mara ya pili akaniomba nisimwombe tena.

## Uchambuzi

Tukio lilionekana kama la udanganyifu, na kila mtu alilishughulikia hivyo, mimi wa kwanza. Ukilifuata kurudi nyuma unakutana na kitu kingine kabisa. Karatasi hazikusainiwa kwa sababu muda uliisha. Muda uliisha kwa sababu meza ilizidi. Meza ilizidi kwa sababu waongozaji walikuwa wawili kwa watu kumi na wanne. Ningeweza kuwaandama wachezaji kwa ukaguzi mwaka mzima bila kugusa hata kimoja katika hivyo. Ndiyo maana ukaguzi ulishindwa na kupunguza viti kukafaulu, ingawa ukaguzi ulionekana mkali na viti vilionekana jambo dogo.

Pili, nilikuwa nimekosea kuhusu karatasi ni ya nani. Nilifikiri ni ya mchezaji na mimi, na sisi tunaaminiana, basi inaweza kungoja. Kumbe mimi na mchezaji ndio watu wawili ambao hatuihitaji. Imeandikwa kwa ajili ya mwongozaji wa mji mwingine ambaye hatujui, hatatuona tena, na hana kitu kingine cha kushika isipokuwa hicho. Hisani niliyokuwa nawafanyia wachezaji wangu Alhamisi ilikuwa deni, na deni lile alikuja kulilipa Dada M, mbali na nyumbani, siku ambayo mimi sikuwa mezani pake.

Kuhusu mwongozaji wa tamasha nimebadilisha mawazo mara kadhaa. Kwenye kanuni alikuwa sawa, na angezihesabu zile nne angekuwa amewaonea watano wengine waliokuja na hesabu zao kamili. Mahali ndipo alipokosea. Kurasa nne zenye wino mmoja zingeweza kuzungumzwa hatua kumi kutoka mezani, kwa sauti ya chini, na swali la kwanza likawa nani aliongoza vikao hivi badala ya jibu. Tangu hapo nimewafundisha waongozaji wetu wote: faili la mtu likikutia shaka, funga faili, simama, mwombe mkazungumze pembeni, na mwite mratibu kabla hujatamka hesabu yoyote. Pia faili la mgeni litazamwe kabla ya mchezo kuanza. La Dada M lingetazamwa asubuhi ile, angepewa mhusika aliyeandikwa tayari wa ngazi ya nne, kwani programu ilikuwa nao wa ngazi ya kwanza, ya nne na ya saba kwa kazi hiyo hiyo, na askari wake angebaki nyumbani mzima.

Ile saini ya nne bado tunabishana juu yake. Mwenzangu mmoja anayeongoza hadi leo anaona nilikosea: ushahidi wa mtu aliyekaa mezani ungetosha kumpelekea mratibu wa kanda kama maelezo, bila kusaini uongo wowote, na nilipaswa kuipeleka hoja hiyo mwenyewe badala ya kumwachia mtu aliyeumia achague kama aombe huruma. Nadhani ana haki. Kumpa uchaguzi kulinipunguzia mzigo mimi kuliko kulivyompunguzia yeye.

Tatizo la wanaoondoka mapema halijaisha. Tumejaribu kuwajazia sehemu ya juu ya ukurasa wakati wa mapumziko ya katikati, lakini dhahabu na heshima hazijulikani mpaka mkasa uishe. Tunachofanya sasa ni kwamba ukurasa wa aliyeondoka haumfuati nyumbani. Unabaki kwa mwongozaji, kwenye bahasha yenye jina lake, umekamilika na umesainiwa usiku ule ule. Wiki ijayo anaikuta bahasha kwenye kiti chake, na dadu hazitolewi mpaka aifungue, asome hesabu, na aseme kama anakubaliana nayo.